Upepo Uliovaa Suti

Kwa Dobi wa Kilimani,
Kibarazani, karibu na kamba za kuanikia,
Jumapili, nguo zote zimekauka.

Mpendwa mdogo wangu, kitindamimba wa Mama,

Kwanza nikujulie hali. Mgongo unaendeleaje? Mara ya mwisho uliniambia unalala sakafuni kwa sababu magodoro ya huko ni laini mno, nikacheka mpaka shemeji yako akadhani nimepatwa na jambo. Wifi yangu hajambo? Na wanangu je? Yule mdogo ameshaota meno au bado anacheka kama kikongwe? Nibusie wote, uanze na huyo asiye na meno.

Sisi huku tu wazima. Shemeji yako anakohoa kidogo, lakini ukimwekea chai kikohozi kinapona palepale. Wapwa zako wanakula kama nzige na kurefuka kama ufagio. Mimi magoti yananisumbua asubuhi, ila nikishapiga pasi ya kwanza yanasahau. Kwa ujumla hatuna la kulalamika, na leo hasa sina, maana ninayo habari ya kukupa ambayo nimeibeba wiki nzima kama mtu aliyebanwa na chafya.

Mdogo wangu, tumeshinda! Udobi wa Mama haufungwi. Kaa chini nikusimulie, na usiruke mistari kama ulivyozoea.

Unakumbuka jinsi tulivyogombana kwa barua wakati kampuni binafsi ilipopewa kazi ya maji na halmashauri. Wewe uliniandikia kurasa na kurasa kwamba maji si soda, hayauzwi na mwenye duka. Shemeji yako naye akawa anasema heri mwenye duka, kwa kuwa duka lisipouza linakufa, ofisi ya halmashauri isipotoa maji inakunywa chai. Mimi sikuwa upande wa mtu. Nilikuwa upande wa mabeseni yangu.

Na nisiwe mnafiki, kampuni walianza vizuri. Walifukua mabomba ya zamani yaliyooza, wakaweka mapya. Wakapanga mgao ukaeleweka: bondeni siku zao, sisi wa kilimani Jumatano na Jumamosi. Ukipiga simu kuna mtu anapokea na anakuita mama. Wakati wa halmashauri ulikuwa unapiga mpaka simu yenyewe inakuonea huruma. Nikasema moyoni, huyu mdogo wangu wa ughaibuni kasoma mpaka akapitiliza.

Kisha wakaleta mita. Kila nyumba na mita yake, imefungwa ukutani, ina kioo na kijigurudumu chekundu ndani. Hapo ndipo moto ulipowaka. Bili ya kwanza nilidhani wamekosea nyumba. Ya pili nikadhani wamekosea mtaa. Ya tatu shemeji yako akaniangalia kwa pembeni, akaniuliza kwa upole kama ninafua usiku nguo za watu nisizomwambia. Nilimnyima chai siku hiyo.

Maajabu ni kwamba bondeni wao bili zao zilikuwa za kawaida, na ndio wanaopata maji mengi. Sisi huku juu tunaopata kidogo, na tena ya mwisho, ndio tuliotajwa kuwa wanywaji wakubwa. Bi Sindano, jirani yangu fundi cherehani, ambaye mradi wake mzima wa maji ni birika moja na ndoo ya kuogea, aliandikiwa bili ya mtu anayefuga viboko.

Nikaenda kwa kampuni. Wakanipokea vizuri, wakaniambia mita yao ni nzima, kama nina shaka na mgandamizo wa maji basi niende halmashauri, mabomba ni mali yao. Nikaenda halmashauri. Bwana wa maji wa halmashauri, yule mwenye tai fupi, akaniambia huduma wameshaikabidhi kwa kampuni, wao wamenawa mikono. Nikataka kumuuliza maji ya kunawia wameyapata wapi, nikajizuia. Nikarudi kampuni. Nikarudi halmashauri. Nimepigwa danadana, mdogo wangu, mpaka walinzi wa milango yote miwili wakawa wananiuliza habari za watoto kwa majina.

Halafu ikaja notisi. Nisipolipa lote, Jumatano ifuatayo maji yanakatwa. Ukimkatia mtu wa kawaida maji umemuudhi. Ukimkatia dobi maji umemuua. Nilikaa pale kwenye kigoda cha Mama, pasi inapoa mkononi, nikamwona Mama mbele yangu na mikono yake ilivyokuwa imekunjamana kwa sabuni. Mikono ile ndiyo iliyotusomesha. Ndiyo iliyokupeleka huko uliko. Nikajiona mimi ndiye mtoto atakayefunga mlango alioufungua yeye. Nililia, sikufichi. Yamenifika shingoni, nikasema, na wala hayo maji yenyewe hayapo.

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo mambo yalipogeuka.

Unalikumbuka kopo la Mama? Lile la maziwa ya unga, alilolifudikiza chini ya bomba. Alitufundisha wote: bomba halifungwi kamwe, liache wazi, maji yakija yagonge kopo, usikie, uamke, ukinge. Mtaa mzima unaishi hivyo mpaka leo. Kila nyumba ina kengele yake. Bi Sindano ana sinia. Mwalimu mstaafu wa nyumba ya kona ana mfuniko wa sufuria. Sisi tulikuwa na kopo, na nikilisikia ti-ti-ti hata nikiwa msibani ninainuka.

Basi wiki ile kopo lilikuwa limetoboka kwa kutu, nimelipeleka kwa fundi bati akalizibe. Jumamosi ya mgao ikafika sina kengele. Nikachukua mfuko wa nailoni, mmoja wa ile mirefu ninayovalisha suti zilizokwisha pasi, nikaufunga mdomo wake kwenye bomba kwa mpira. Nilifikiri maji yakiingia utachakarika nitasikia. Nikageukia mashati yangu.

Mara namsikia Bi Sindano upande wa pili wa ua anapiga yowe la kuamsha wafu. Natoka mbio. Nakuta uani kwangu kumesimama kitu cheupe, kirefu, kinene, kinayumba polepole kama mgeni aliyekosa mahali pa kukaa. Bi Sindano kashika kiuno kwa mkono mmoja na mkasi kwa mkono mwingine, hajui akimbie au akichome. Ulikuwa mfuko wangu, umejaa hewa pomoni!

Nikaugusa. Hamna maji ndani, hata tone. Upepo mtupu unavuma kutoka kwenye bomba. Na pale ukutani, mdogo wangu, kile kijigurudumu chekundu cha mita kilikuwa kinazunguka kama kimetumwa na shetani.

Nilimwita shemeji yako. Nikafunga bomba, kijigurudumu kikasimama. Nikafungua, kikaondoka mbio. Nikafunga tena, kikasimama. Tulifanya hivyo kama watoto waliopata kichezeo, mpaka maji yenyewe yalipofika na kutulowesha. Shemeji yako akakaa kwenye ndoo, akasema neno moja tu: "Upepo!" Siku zote hizo mabomba yakikaa matupu yanajaa hewa, maji yakianza kupanda kutoka bondeni yanaisukuma mbele yake, na hewa hiyo inatafuta pa kutokea. Inatokea wapi? Huku juu, kwa watu wenye mabomba yaliyo wazi mchana na usiku kama walivyofundishwa na mama zao. Inapita kwenye mita, inahesabiwa maji, na sisi tunaandikiwa bili. Tulikuwa tunanunua upepo, tena kwa kuufungulia mlango wenyewe!

Ningeweza kwenda kueleza ofisini. Lakini nilishaeleza mengi ofisini. Asiyekubali kusikia mwonyeshe. Na Mungu si Athumani, kwenye kamba yangu ya suti zilizo tayari palikuwa na suti ya kijivu, kitambaa kizuri, ya nani unadhani? Ya meneja wa kampuni mwenyewe! Dereva wake ndiye huileta na kuichukua, bosi hajawahi kunusa hata mlango wangu. Dereva alipokuja Jumatatu nikamwambia: "Mwambie bosi wako suti yake imetoka safi kama mpya, ila haitoki hapa mpaka aje mwenyewe Jumatano, kabla maji hayajafika." Dereva akaniuliza kama ninataka afukuzwe kazi. Nikampa andazi, akaenda.

Halmashauri nikatuma habari kwamba meneja wa kampuni anakuja kilimani kusema na wananchi. Sikusema uongo. Nilijua yule bwana wa tai fupi hawezi kukubali meneja aseme peke yake.

Jumatano ikafika. Uani kwa Mama hapakuwa na pa kutia sindano. Wa kwanza alikuja Koleo, yule fundi wa kampuni wa kukatia watu maji, na mfuko wake wa spana begani. Kijana mpole, anakata huku anakuomba radhi. Nikamwambia asubiri bosi wake, akasubiri. Akaja bwana wa halmashauri, tai ileile. Mwishoni akaja meneja, kakunja uso, hajui kama amekuja kuchukua suti au kuzomewa.

Sikumpa hotuba. Nilichukua koti lake mbele ya watu wote, nikalifunga vifungo, nikatia mfuko wa nailoni ndani yake, nikalitundika kwenye kigingi cha kamba karibu na bomba, mdomo wa mfuko nikaubana kwenye bomba kwa mpira. Nikafungua. Nikamwomba Koleo asimame kwenye mita, aseme anachokiona.

Hakikutokea kitu. Koti linaning'inia tu kama lilivyo. Watu wakaanza kukohoa. Meneja akatazama saa. Mdogo wangu, nilikaza ule mpira mara ya pili. Nilijua kama maji hayaji leo, au yakija bila hewa, mimi ndiye kichekesho cha mtaa, na Koleo anafungua mfuko wake, na udobi wa Mama umekwisha hapo hapo mbele ya kadamnasi. Nilimwita Mama kimoyomoyo. Nilimwita kwa sauti kidogo pia, Bi Sindano amenisikia, ananitania mpaka leo.

Kisha bomba likapumua. Fiiii. Koti likashtuka. Tumbo likaanza kujaa, kifua kikatoka mbele, mabega yakapanda, mikono ikainuka pembeni kama mtu anayetaka kuwahutubia. Suti ya meneja ilisimama mbele ya meneja, imevimba kuliko yeye!

"Karibu bosi!" Bi Sindano akapaza sauti. "Kumbe mko wawili!"

Uwanja ulipasuka kwa kicheko. Koleo, maskini, hakucheka. Alikuwa ameinama kwenye mita, akasema kwa sauti iliyomtoka yenyewe, "Inazunguka. Mama, inazunguka kweli." Meneja akasogea akaangalia kijigurudumu. Akaja akaminya koti lake kwa kidole, likamsukuma. Akarudi kwenye mita. Uso ulianza kukunjuka kidogo kidogo.

Bwana wa halmashauri akawahi kusema kwamba mita ni za kampuni. Meneja akamjibu mabomba ni ya halmashauri. Wakaanza ile danadana yao palepale, safari hii uso kwa uso. Nikawaacha wacheze kidogo, kisha nikasimama katikati yao na pasi mkononi. Nikawauliza, "Bomba ni lenu ninyi wa halmashauri. Mita ni yenu ninyi wa kampuni. Huu upepo je, ni wa nani? Mwenye nao ajitokeze alipie bili."

Wakaangaliana. Na hapo hapo maji yakafika. Mfuko ukapasuka pwaa, koti likamwaga maji kwa mikono yote miwili, na bwana wa halmashauri akalowa tangu tai mpaka soksi. Watu walipiga vigelegele kama harusini. Na mimi nikamwona Koleo, bila kuambiwa na mtu, anafunga mfuko wake wa spana.

Haki yake nimpe meneja: alicheka. Alicheka mpaka akashika ukuta. Watu wakatawanyika, akabaki kibarazani akisubiri nimfulie upya koti, maana limerudi kuwa chafu mikononi mwangu na mimi sidhulumu mteja. Akaniuliza kwa nini mtaa mzima tunaacha mabomba wazi. Nikamweleza habari za kopo la Mama. Akasema kwao lilikuwa sufuria. Mama yake akilifudikiza kila jioni, naye alikuwa amesahau kabisa. Tangu hapo sijaweza kumchukia yule mtu vizuri.

Nikufupishie yaliyofuata. Kampuni wamechimba juu kabisa ya kilima, karibu na lile jiwe tulilokuwa tukiteleza, wakafunga kifaa cha kutolea hewa kabla haijatufikia, wenyewe wanakiita valvu. Bili zote za kilimani zimefutwa zikaandikwa upya, na wakatuondolea mgao ule wa kukata na kuunga, sasa maji yanakuja kidogo kidogo kila siku, hayakauki. Halmashauri nao wamekubali kwamba kuikabidhi kazi si kuitupa. Imeundwa kamati ya kuisimamia kampuni, wananchi wamo ndani yake, na mkataba utasomwa wazi kwa lugha ya watu. Nadhani unajua kilimani wamemchagua nani. Mcheza kwao hutunzwa! Nimenunua miwani kwa ajili ya vikao.

Kwa hiyo ugomvi wetu wa barua nauona hivi: wewe ulikuwa na haki, na shemeji yako alikuwa na haki, na wote wawili mlikosea. Kampuni imeweza kuleta maji ambayo halmashauri ilishindwa kuleta miaka yote tuliyoishi. Lakini kampuni hiyohiyo ingetuuzia upepo mpaka kiama kama hakuna wa kuiuliza, na wa kuiuliza alikuwa amenawa mikono. Sasa wapo wa kuiuliza. Shemeji yako anasema nimekuwa mwanasiasa. Nimemwambia anyamaze, anaongea na kamati.

Sharti moja walitupa na sisi: tufunge mabomba. Tumekubali, lakini kumbe ndilo lililokuwa gumu kuliko yote. Bi Sindano alifunga, akafungua, akafunga, akaenda kulala akarudi kufungua. Mwalimu mstaafu amefunga bomba lakini mfuniko wake wa sufuria bado upo chini, anasema huwezi kujua.

Mimi nilifunga juzi asubuhi. Nilishika lile bomba, na mkono ukakataa. Ukiacha yale majaribio yetu ya upepo, toka tuzaliwe halijawahi kufungwa. Niliona kama ninamfungia Mama mlango. Nikakaa kwenye kigoda chake, nikasubiri. Kisha nikafungua, na maji yakatoka palepale, bila kukohoa, bila upepo. Nikafunga. Nikafungua tena, yakawepo. Yalikuwa yananisubiri mimi! Nililia tena, lakini safari hii nilikuwa ninacheka, na nikasema kwa sauti, Mama, lala sasa, hakuna wa kuamka kukinga.

Kopo limerudi kutoka kwa fundi bati, limezibwa vizuri. Nimelitia vibanio vya nguo, sasa limetundikwa ukutani kibarazani. Silitupi mpaka nife.

Nisalimie wifi yangu sana, umwambie zile suti zake za baridi azilete akija, ninataka kuona kama huko kuna dobi. Nisalimie wanangu wote, na rafiki yako yule mpishi mwenye kicheko kikubwa. Huku wanakusalimu shemeji yako pamoja na kikohozi chake, wapwa zako, mama mdogo aliyekuja jana kufua bure kwa kisingizio cha undugu, na Bi Sindano, anayesema suruali yako uliyoacha bado anayo, kwa hiyo uje na kiuno kilekile.

Mungu akulinde barabarani na kazini, akunyooshe mgongo, akurudishe salama. Na siku utakayofika, najua hutapita mlango wa mbele, utazunguka uani kama zamani. Utalikuta bomba la Mama limefungwa na chini yake hakuna kopo. Usishtuke, mdogo wangu. Fungua tu.

Ni mimi dada yako nikupendaye, hata barua zako zikichelewa,

Dobi wa Kilimani